Speeduino iliyogeuziwa betri: kabla hujaitupa, soma hapa

Kwa mgeni: Speeduino ni kompyuta ya kuendesha injini inayojengwa juu ya Arduino Mega, na TunerStudio ni programu ya laptop ya kuisoma na kuirekebisha. Swali limetoka kwa msomaji wa Arusha, nimelifupisha kidogo:

"Mtaalamu habari za kazi. Nina Corolla AE101 yenye 4A-FE, tulitoa distributa tukaweka Speeduino v0.4, bodi ya kukopi niliyonunua ikiwa imeshalehemiwa, na koili mbili zenye igniter (swichi ya kuzipigisha moto) ndani yake, duara la meno 36-1 (nafasi 36, jino moja halipo) na sensa ya hall ya kuyasoma. Betri ililala, dogo wa gereji akaja kuishtua na gari jingine likiwa linaunguruma akageuza waya, cheche zikaruka na harufu ya kuungua ikatoka chini ya dashibodi. Sasa hali ni hii: taa ya Arduino inawaka laptop ikichomekwa tu, TunerStudio inaunganisha, RPM inaonekana nikipiga stata, ila betri inasoma 14.0 wakati mita inaniambia 12.6, MAP (sensa ya shinikizo la hewa ya injini) imeganda kwenye 10, nozeli ya pili inamwaga mafuta muda wote swichi ikiwa oni, na koili ya kwanza haitoi moto, ya pili inatoa. Regyuleta imeandikwa L7805CV, na pale pa kuingilia umeme penye alama ya diodi wameweka kipande cha waya. Fundi redio kaniambia bodi nzima imekufa nitupe. Ni kweli?"

Mkuu salama. Hapana, si kweli, na kwa maelezo uliyotoa mwenyewe nusu ya kazi ya kutafuta tatizo umeshaifanya. Lakini kabla sijaenda mbali naomba ufanye mambo mawili sasa hivi: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, na acha kabisa kuwasha swichi huku laptop ikiwa imechomekwa. La pampu linaeleweka, nozeli inayomwaga bila kukoma itajaza silinda petroli, na petroli haibanwi kama hewa, ukipiga stata silinda ikiwa imejaa unaweza kupinda konrodi. La laptop wengi hawalijui so ngoja nilielezee.

Speeduino v0.4 inaitumia Arduino Mega kama ubongo tu, umeme wa volti 5 unatoka kwenye regyuleta ya bodi kubwa na kuingia kwenye pini ya 5V ya Mega moja kwa moja, haupiti kwenye ile Vin, pini ya kuingizia umeme wa nje. Sasa kwenye Mega kuna kamosfeti kadogo (mosfeti ni swichi ya kielektroniki) kazi yake ni kukata umeme wa USB pale Vin inapokuwa na umeme, na kwa kuwa Vin hapa haitumiki basi hako kamosfeti kanabaki kamefunguka siku zote, maana yake 5V ya bodi na 5V ya USB ya laptop zimeshikana. Siku regyuleta ikipiga shoti kati ya mguu wa kuingia na wa kutoka, volti 12 za gari zinatafuta njia kuelekea laptopuni. Kwa hiyo bodi yoyote iliyoungua usiichomekee laptop mpaka umepima 5V yake kwa mita ukajiridhisha, na kama lazima ujaribu Mega peke yake tumia chaja ya simu ambayo hata ikifa hutaililia.

Tuje kwenye kilichotokea. Betri ikigeuzwa, ethi ya gari inakuwa chanya na waya wa 12V unakuwa hasi, na kila mosfeti kwenye bodi ina diodi ya asili ndani yake inayotazama kutoka ethi kwenda kwenye waya wa nozeli. Hiyo diodi inafunguka, umeme unapita kinyumenyume kwenye nozeli zote nne kwa pamoja. Nozeli za 4A-FE ni za ohm kubwa, karibu 14 kila moja, so 12 gawanya kwa 14 ni kama ampea 0.9 hivi, na mosfeti ya STP62NS04Z kwa ampea moja haina wasiwasi wowote. Namba hii iweke kichwani manake inatuambia kwamba mosfeti ya nozeli ya pili haikupaswa kufa kwa sababu ya kugeuza betri peke yake. Ikiwa imekufa kweli kuna sababu nyingine, tutaifikia.

Sehemu inayoumia vibaya ni ile inayoendesha rilei. Baadhi ya rilei za kisasa zina diodi ndani yake sambamba na koili yake, ukigeuza betri diodi ya rilei na diodi ya mosfeti zote zinafunguka kwa mkupuo mmoja na hapo hakuna ohm 14 za kuzuia chochote, ni shoti tupu kutoka ethi kupitia bodi mpaka kwenye betri, na kinachokatika ni chembamba kuliko vyote, mara nyingi njia ya shaba kwenye bodi. Kwa hiyo geuza bodi, chukua tochi na lenzi, fuata njia ya shaba inayotoka kwenye mosfeti ya pampu na ile ya ethi, utafute palipobabuka, paliponyanyuka au palipobadilika rangi ya kijani kuwa kahawia. Harufu uliyoisikia lazima imeacha alama mahali.

Sasa ile 14.0, hii kwangu ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoleta. Bodi inapima betri kwa kugawanya volti kwa rezista mbili, 3.9k na 1k, kinachobaki kinaingia pini A4, halafu programu inafanya hesabu ikiamini kwamba rejea yake ni volti 5 kamili. Rejea ikishuka, hesabu inapanda. Betri yako ni 12.6, inasomwa 14.0, chukua 12.6 zidisha kwa 5 gawanya kwa 14, unapata 4.5. Yaani 5V yako sio 5, ni kama 4.5, na ukiunganisha na lile la taa kuwaka laptop ikichomekwa tu, jibu liko wazi: regyuleta imekatika, bodi nzima inaishi kwa umeme wa USB ambao umeshachoka kwa kupita kwenye kebo ndefu na kafyuzi ka Mega. Na kwa vile usomaji wa betri upo, ujue 12V inafika mpaka kwenye hizo rezista za kugawanya, kwa hiyo kipande cha mwanzo cha njia ya umeme ni kizima.

Na hapo kwenye L7805CV ndipo ninapomlaumu aliyekuuzia kuliko hata yule dogo. Mchoro wa Speeduino unataka LM2940 ya volti 5, na haikuchaguliwa kwa urembo. LM2940 ilitengenezwa kwa ajili ya magari, inavumilia betri kugeuzwa, na inahitaji tofauti ya kama nusu volti tu kati ya kuingia na kutoka. 7805 ikigeuziwa umeme inapitisha kutoka mguu wa ethi kwenda mguu wa kuingia mpaka inaungua, na inahitaji kama volti 2 za ziada, kwa hiyo asubuhi ya baridi hapo Arusha betri ikishuka kuelekea 7 wakati wa stata, 5V inayumba na Mega inajizima na kujiwasha. Kama gari lako lilikuwa na tabia ya kugoma stata ya kwanza ya asubuhi halafu ya pili inakubali, unaweza kuwa umeshapata na jibu la hilo. Miguu ya hizi mbili imepangwa sawa, kuingia, ethi, kutoka, so unatoa hii unaweka ile pale pale. Ila LM2940 ina masharti ya kapasita: upande wa kutoka inataka angalau 22µF, na iwe ya elektroliti au tantalamu ya kawaida, ukiweka ya seramiki peke yake inaweza kuanza kutetemeka na 5V ikawa na mawimbi ambayo mita haikuonyeshi. Upande wa kuingia 0.47µF inatosha.

Pale penye kipande cha waya weka diodi kama alama ilivyokuwa inasema, ya Schottky ya ampea 3 kama 1N5822 itakula volti kidogo sana. Mstari kwenye diodi utazame upande wa regyuleta.

Haya, kazi yenyewe ifanyie mezani, sio kwenye gari. Huna haja ya pawasaplai ya bei mbaya, chukua betri ya gari au ya pikipiki, balbu ya taa ndogo ya watt 5 iunge mfululizo kwenye waya wa chanya kabla haujaingia kwenye bodi. Bodi ikiwa nzima inakula kidogo, balbu haiwaki au inawaka kwa mbali, ikiwa na shoti balbu inawaka yote na haiwezi kupita zaidi ya ampea 0.4 hivi, hakuna kitu kitakachoungua zaidi ya kilichoungua. Hii balbu imeokoa bodi nyingi kuliko mashine zote ninazozijua.

Lakini hata kabla ya balbu, toa Mega kwenye soketi zake (iko juu ya pini tu, ivute taratibu pande zote mbili isipinde) kisha weka mita kwenye ohm, gusa 5V na ethi ya bodi. Ukikuta ohm chache sana kama 2 au 5, kuna shoti bado, na uzuri wa bodi hii ni kwamba vitu vingi vinachomoka: chomoa chipu zilizoko kwenye soketi moja moja huku mita ikiwa imeshikilia, namba ikiruka juu umempata mhalifu. SP721, ile chipu ya miguu 8 ya kulinda pini za sensa, huwa inajitoa mhanga, ikishapitishiwa volti 12 kwa muda inakaa shoti kwenye 5V. Pima na Mega peke yake hivyo hivyo, 5V kwa ethi, kabla hujairudisha.

Hapo ukiwa na regyuleta mpya na diodi, Mega ikiwa pembeni, washa kupitia balbu upime mguu wa tatu wa LM2940. Inatakiwa 5.0, ikicheza kati ya 4.85 na 5.15 sina tatizo nayo. Iache dakika kadhaa, gusa kila chipu kwa kidole, inayochoma ni mgonjwa. Ikiwa sawa ndio uzime, rudisha Mega, washa tena, na sasa ndio laptop inaruhusiwa. Angalia usomaji wa betri TunerStudio, ulinganishe na mita, ukikaribiana basi 5V imerudi.

Nozeli ya pili. Usitumie nozeli yenyewe kupima, weka balbu nyingine ya watt 5 kati ya 12V na pini ya nozeli 2 ya bodi. Chomoa Mega tena na uwashe. Kwenye geti ya kila mosfeti (mguu unaoiamuru ifunguke) kuna rezista ya 100k inayoivuta chini, so bila Mega mosfeti nzima lazima ilale na balbu izime. Balbu ikiwaka Mega ikiwa haipo, mosfeti imekufa. Ikizima bila Mega na ikawaka ukirudisha Mega, basi mosfeti haina kosa, ni pini 9 ya Mega imeganda juu (kwenye v0.4 nozeli ya kwanza ni pini 8, ya pili 9, ya tatu 10, ya nne 11). Na kama balbu inazima hali zote mbili, ukirudisha kwenye gari nozeli inamwaga, basi waya wa nozeli umebabuka mahali na unagusa chuma cha gari, hapo hangaika na waya uache sakiti ipumzike. Kipimo kimoja kinajibu mambo matatu, ndio maana nakipenda.

Ikiwa ni mosfeti, toa uipime nje: mita kwenye diodi, nyekundu kwenye mguu wa kati na nyeusi kwenye mguu wa tatu, isisome kitu, ukigeuza isome kama 0.5. Ikilia pande zote imepiga shoti. Pima pia geti kwa kila mguu, ikilia hapo ujue volti 12 zimerudi nyuma mpaka kwenye pini ya Mega, kwa hiyo usifunge mosfeti mpya kwenye Mega ile ile bila kuipima. Na lile swali la mwanzo bado linadai, kwa nini imekufa? Pima nozeli zote nne zikiwa zimechomolewa, zote zikaribie 14. Ukikuta moja ina 2 au 3 hiyo ndiyo mshukiwa, ukiiacha inaweza kuua na mosfeti mpya na utarudi kunilaumu.

Kuhusu mbadala, najua STP62NS04Z haipatikani kila duka na muuzaji atakupa IRFZ44N akikuambia ni zile zile. Sio zile zile. IRFZ44N inataka geti ya volti 10 ili ifunguke vizuri, Mega inatoa 5, itafunguka nusunusu na kupata moto. Ukikwama kabisa chukua IRLZ44N, herufi L pale ina maana yake, inafunguka kwa volti 5. Ila 62NS04Z ina ulinzi ndani yake unaokata mkurupuko wa nozeli kwenye volti kama 33, IRLZ44N inaachia mpaka 55 na zaidi, na volti ikiwa kubwa nozeli inafunga haraka zaidi. Haraka zaidi ni mafuta pungufu. Ukiweka moja tu kati ya nne, silinda hiyo moja itatembea kavu kidogo kuliko wenzake na sensa ya oksijeni haitakuambia kwa sababu yenyewe inaona mchanganyiko wa zote. Kwa hiyo badilisha zote nne au usubiri ya halali. Mimi ningesubiri.

Koili ya kwanza ni rahisi. Ishara ya moto inatoka Mega, inapita kwenye TC4424, chipu ya miguu 8 yenye njia mbili, ndio iende kwenye koili. Angalia jampa JP1, ndiyo inayochagua hiyo chipu ipewe volti 5 au 12. Nina uhakika karibu wote yako ipo kwenye 12, kwa sababu ikiwa kwenye 12 betri ikigeuzwa chipu inageuziwa umeme mzima mzima, ikiwa kwenye 5 inajificha nyuma ya regyuleta. Koili zenye igniter ndani nyingi zinataka ishara ya volti 5, soma za kwako, zikikubali ihamishe jampa na uiache huko. Kupima: mguu wa 6 ndio umeme wake, wa 3 ethi, unaingia 2 na 4 unatoka 7 na 5. Nenda TunerStudio sehemu ya kujaribu vifaa, ruhusu majaribio ya kutoa ishara, ipigishe koili ya kwanza ukiwa umechomoa koili zenyewe, weka LED na rezista ya 1k kwenye mguu wa kutoka. LED mguu wa kuingia inapepesa na wa kutoka imekufa, badilisha chipu. Isipopepesa hata kwa kuingia, ni pini ya Mega, kwa koili ya kwanza ni pini 40. Nimesema chomoa koili na narudia, jaribio lile likishikilia koili kwa asilimia 50 linaipika.

MAP kuganda kwenye 10. Programu imeambiwa kwamba volti 0 ni 10 kPa na volti 5 ni 260, so 10 ni njia nyingine ya kusema sioni kitu. Na hapa usidanganywe na ile 4.5, wengine watakwambia MAP inakosea kwa sababu 5V imeshuka, sio kweli kwa sensa hii, MPX4250AP inatoa volti kwa uwiano wa umeme inaopewa na Mega inapima kwa uwiano huo huo, vyote vikishuka vinashuka pamoja na jibu halibadiliki. Kwa hiyo sifuri ni sifuri kweli. Sensa ina kimkato kwenye mguu wa kwanza, huo ndio wa kutoa ishara, wa 2 ethi, wa 3 umeme. Pima wa 3 una 5V, halafu wa kwanza: injini ikiwa imezima hapo Arusha hewa iko karibu 86 kPa, sensa itoe kama volti 1.5. Ukiwa Dar ni 101, utaona 1.8, nasema hili kwa sababu ukienda mitandaoni watu watakupa namba za pwani au za Ulaya na utadhani yako mbovu. Ukipata sifuri, nyanyua mguu wa kwanza usiguse bodi upime tena, ikipanda kwenye 1.5 basi sensa nzima na kuna kitu kinaivuta chini, kapasita ya kuchuja au pini A3 ya Mega. Kuthibitisha A3, chukua potenshiometa ya 10k, miguu ya pembeni kwenye 5V na ethi, wa kati kwenye A3, ukiiweka katikati kabisa TunerStudio isome karibu 135. Ikisoma hivyo, Mega safi, nunua sensa.

Unaona sasa kwamba maswali matatu kati ya manne yanaweza kuishia kwenye Mega. Ukikuta pini hata moja imekufa usijaribu kuiponya, usimtafute mtu wa kubadilisha ATmega2560 ya miguu 100, nunua Mega nyingine, ya Kichina yenye chipu ya USB ya CH340 inafanya kazi vizuri tu ilimradi laptop ina draiva yake. Kabla hujaitoa ya zamani, na maadamu bado inaunganisha, hifadhi tuni yako faili la msq. Kisha Mega mpya uiwekee programu kwa SpeedyLoader (programu ya laptop ya kuipakia Speeduino), toleo lile lile ulilokuwa nalo, rudisha msq. Hapa kuna mtego mmoja: vipimo vya sensa za joto na ya oksijeni havimo kwenye msq, vinakaa ndani ya Mega yenyewe, lazima uvifanye upya kwenye menyu ya kalibresheni, la sivyo injini ikiwa baridi itasomeka kitu cha ajabu na gari litakataa kuwaka na utaanza kuifungua tena bodi nzima isiyo na kosa. Hizo sensa mbili za joto, kuhakiki njia yake weka rezista ya 2.49k badala ya sensa, kwenye pini utapata 2.5V kwa sababu na ndani ya bodi kuna ya 2.49k inayovuta juu.

Kuhusu kulehemu sitasema sana. Usivute kitu cha miguu mitatu chote kwa pamoja, kata miguu kwa nipa kwanza kisha toa mguu mmoja mmoja, manake tundu za bodi hii zina shaba ndani na ukivuta kwa nguvu inatoka nayo na upande wa juu unakatika bila wewe kujua. Risasi ya 60/40, pasi kwenye nyuzi 330 mpaka 350, fluksi ya kutosha, safisha kwa isopropili. Njia ya shaba iliyokatika usiijaze risasi tu juu kama wanavyofanya wengine, ruka na waya kutoka mguu wa kifaa mpaka mguu wa kifaa kingine, na kama ni ya ethi au ya rilei waya uwe mnene.

Kurudi kwenye gari. Toa plagi zote nne, piga stata, silinda ya pili iteme petroli iliyokaa humo, nusa stiki ya oili, ikinuka petroli mwaga oili uweke mpya kabla ya kuwasha, sio baada. Kisha weka mita kati ya ethi ya bodi na kichwa hasi cha betri, mtu akipiga stata isizidi 0.2V. Ikizidi, waya wa ethi wa injini ni mbovu na umeme wa stata unatafuta njia ya kurudi kupitia bodi yako, huo ni ugonjwa mwingine unaofanana sana na huu na hauhitaji mtu kugeuza betri.

Ulinzi wa kudumu ni wa bei ya soda. Umeme wote wa bodi, nozeli na koili upitishe kwenye rilei kuu moja inayowashwa na swichi, na kwenye waya wa swichi unaoingia kwenye koili ya hiyo rilei weka diodi moja ya 1N4007, mstari utazame rilei. Betri ikigeuzwa diodi haipitishi, rilei haifungi, na kila kitu nyuma yake hakioni chochote. Huli volti hata kidogo kwenye bodi kwa sababu diodi iko kwenye koili ya rilei tu. Ongeza fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa 12V wa bodi na 1.5KE20A (diodi inayokata volti zikifika kama 20) kutoka hapo kwenda ethi, hiyo ni kwa ajili ya altaneta ikikurupuka au siku atakapokuja mtu kukushtua na Fuso ya volti 24, ambapo diodi ya kugeuza haisaidii kitu, itakayosaidia ni fyuzi kukatika mapema.

Ukiwasha mara ya kwanza funga muda wa moto kwenye nyuzi moja maalum ndani ya TunerStudio, uhakikishe kwa taa ya taimingi kwamba puli inasema hivyo hivyo, ndio uachie ramani iendelee. Ile TC4424 kama utaipata kwa mafundi wa hapo mjini sawa, ikikosekana agiza pamoja na LM2940 na sensa kwa mzigo mmoja, na chukua TC4424 mbili manake za kwanza kabisa kuisha kwenye droo ndio hizo.